Vidole Kando ya Bwawa la Bata

Haya yote ni kweli tupu, naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki. Atakayenikamata na uongo nitamnunulia bakuli la chè, yale maharage matamu yenye barafu.

Kila asubuhi kabla ya shule, Thơm, msichana wa miaka kumi na miwili, alipita kwa Mzee Khuyến kuchukua mayai ya bata. Mzee aliishi peke yake. Mkewe aliondoka zamani, akiwa bado kijana, akaenda kusini na hakurudi. Watu walimtazama kwa jicho la pembeni.

Siku moja, mafundi waliokuwa wakipanua mfereji kando ya bwawa lake wakafukua mifupa midogo ya mtu. Jua halijafika utosini, kijiji kizima kilishapata muuaji.

"Ni yule mkewe! Kamkatakata," wakanong'ona sokoni.

Thơm naye, akitaka wenzake wamsikilize, akasema darasani, "Mimi nilimwona akichimba palepale, huku akiangaza macho."

"Acha wee!"

"Kweli tena!"

Alichokiona ni Mzee akipanda mboga. Lakini neno lilifika kwa polisi kabla yeye hajafika nyumbani. Mzee akaamriwa asitoke kijijini. Mayai yake yakaoza vikapuni, watoto wakarusha matope mlangoni pake. Thơm akaanza kupita njia ya mbali.

Ndipo akaletwa Daktari Vân, mtaalamu wa mifupa. Akailaza juu ya turubai kwa upole, mmoja mmoja.

"Vidole vya miguu, na mfupa wa goti," akasema. "Mikubwa yote haipo."

"Si kaificha huyo!" mtu akapaza sauti.

"Ngoja, kaka. Hakuna alama ya kisu. Na hivi ni vipande vya jeneza lililooza, na msumari wake. Muuaji gani anamchongea mtu jeneza? Tena goti hili limesagika kwa uzee." Akainua macho. "Aliyemwona Mzee akichimba ni nani?"

Thơm alitamani ardhi immeze. "Ni mimi, Daktari. Alikuwa anapanda mboga. Hayo mengine niliongeza."

Mzee Khuyến akageuka, akaenda kuwalisha bata wake.

Daktari akachukua mate ya watu wa mtaa ule, yakapimwa vinasaba. Baada ya wiki tano majibu yakaja: vinasaba vya mifupa vilifanana na vya mama yake Thơm. Marehemu alikuwa mama mzazi wa bibi yake Thơm! Kaburi lake lilikuwa pale. Miaka mitatu baada ya maziko mifupa ilifukuliwa, ikaoshwa na kuhamishwa kama ilivyo desturi yetu, ila mhamishaji alilipua kazi akaacha vidole. Alikuwa mjomba fulani wa mbali, marehemu sasa.

"Mfupa nimeuuliza mara tano kabla ya kuuamini," Daktari akamwambia Thơm. "Mzee huyu ana mdomo, na hukumuuliza hata mara moja. Usiseme umeona usichokiona."

Thơm akamwomba Mzee radhi kwa mikono miwili, akamsaidia kuosha mlango.

"Babu," Thơm akanikatiza hapo, maana alikuwa kaketi karibu akisikiliza. "Mjomba gani? Bibi anasema ni wewe uliyemhamisha mama mkwe wako, ukaacha vidole kwa kukimbia baridi!"

Mzee Khuyến, aliyekuwa mgeni wangu siku hiyo, akaweka chini kikombe chake cha chai. "Kumbe! Wiki tano naitwa muuaji, na wewe unajua, umenyamaza?"

Nikatafuta kandambili zangu. "Mabakuli mawili ya chè, basi."

"Langu kubwa," akasema Mzee. "Na kesho unakwenda sokoni kuwaambia wote, kwa mdomo huohuo."

Nilikwenda.