Mapacha wa Waya Mmoja

Kila siku akitoka shuleni, Wietske aliegemeza baiskeli kwenye ukuta wa ghala, akavaa viatu vyake vya mbao, na kwenda moja kwa moja kwenye viazi. Hata uji wa jioni ulisubiri.

Kwao Friesland, nchini Uholanzi, nyuma ya tuta la kuzuia bahari, viazi vya mbegu hulindwa majira yote ya baridi. Kiazi kimoja kikipata joto na kuanza kuoza, kreti zima huharibika, na la jirani hufuata. Kwa hiyo Wietske alizamisha mkono hadi kwapani katika kila kreti, akapapasa, kisha akampa Baba habari. Kazi hiyo ilikuwa yake, na Baba alimsifia kwa kila mgeni.

Halafu akaja Sjoerd, mtoto wa shangazi yake, kukaa nao wakati mama yake amelazwa hospitalini. Mpole, mwembamba, na fundi wa vidude.

"Mjomba, nitakutegea vihisi vya joto," alisema. "Kimoja kila kreti. Vyote vinane kwenye waya mmoja, vinaingia kwenye hii kompyuta ndogo."

Baba akaigeuzageuza kompyuta hiyo, isiyozidi kiberiti. "Vinane vinafanana hivi? Itajuaje nani anasema?"

"Vinafanana kama mapacha, lakini kila kimoja kina namba yake ndani. Kompyuta inaita namba, mwenyewe anaitika. Bila namba wangeitika wote mara moja, kelele tupu."

Kisha akakifumbata kihisi kimoja mkononi. Kwenye kioo cha kompyuta, namba moja ikapanda kwa joto la kiganja. Akaiandika "nyekundu", na kihisi hicho akakifunga utepe mwekundu, rangi ya kreti lake. Akafanya hivyo kwa vyote.

"Lo! Mtoto ana akili huyu!" Baba akacheka. "Wietske, mkono wako upumzike sasa."

Upumzike! Wivu ulimshika Wietske. Mjomba huku, mjomba kule, na yeye je? Baba na Sjoerd walipokwenda kunywa chai, alibaki peke yake ghalani. Alibandua utepe mwekundu na wa buluu, akaubandika huu pale na ule hapa. Nani angejua? Mapacha ni mapacha. Sjoerd aliporudi, alivichomeka vihisi kwenye makreti kwa kufuata tepe.

Wiki ya pili kioo kilionyesha "nyekundu" inapanda. Baba akaleta foklifti la kunyanyulia mizigo, akalimwaga kreti jekundu lote sakafuni. Wakachambua hadi migongo ikauma. Viazi vilikuwa vizima, baridi, vigumu.

"Kidude chako kinaota ndoto, bwana fundi," Baba alisema, na safari hii hakucheka.

Wietske alijua. Joto lilikuwa kwenye buluu. Akaenda pale, akazamisha mkono, na chini kabisa vidole vikakuta uvuguvugu na utelezi. Harufu ikampanda puani.

"Baba! Njoo huku! Hili la buluu linaoza!"

Baba alikuja mbio. Walilitoa kreti lile haraka, wakavitupa viazi vilivyooza, wakapuliza hewa baridi. Makreti ya jirani yalikuwa salama bado.

"Unaona, Sjoerd?" Baba alimkumbatia binti yake begani. "Mkono huu hauhitaji betri! Kunja waya zako."

Hilo ndilo alilolitaka Wietske tangu mwanzo. Sasa analo, mbona halina utamu? Sjoerd alikuwa amepiga magoti, anakunja waya polepole, macho yamejaa machozi.

"Samahani, mjomba," alisema. "Nimekutia hasara. Sijui nilikosea wapi."

"Hukukosea!" Sauti ilimtoka Wietske kabla hajajipanga. "Ni mimi. Nilibadilisha tepe mbili. Kihisi kilisema kweli, mimi ndiye niliyekisemea uongo."

Sjoerd aliziweka waya chini, akamgeukia binamu yake.

"Kwa nini? Nilikufanyia nini mimi?"

"Hukunifanyia kitu. Nilikuonea wivu tu. Baba alikuwa anakusifu wewe."

Baba aliondoa mkono wake begani mwa Wietske, akaketi juu ya kreti tupu. Alikuwa amekasirika, na hakuficha.

"Karibu tupoteze mbegu ya mwaka mzima," alisema. "Na mwenzako nimemtukana bure. Sjoerd, nisamehe. Zifunge tena, na huyu atakusaidia hadi mmalize." Kisha akamgeukia binti yake. "Sikiliza. Kiazi kinachooza hakipigi kelele. Kinakaa katikati ya wenzake, kinapata joto, na ukija kusikia harufu umechelewa. Wivu nao ni hivyo hivyo. Kila mtu unampata, hata mimi. Lakini ukiuhisi, uutoe mapema. Ungeniambia, 'Baba, umenisahau,' ningekusikia."

Wietske alifuta pua kwa mkono wa sweta. Akakiokota kihisi, akakifumbata ili Sjoerd aone namba ipi inapanda.

"Sjoerd," alisema, "bado nakuonea wivu kidogo."

"Najua," Sjoerd alijibu. "Fumbata vizuri, namba haijapanda."

"Acha aseme," Baba alimwambia Sjoerd. "Wivu uliosemwa hauozeshi mtu."