Nakala ya Machi

Kiti cha kompyuta kilikuwa na joto. Molly alikigusa kwa kiganja, kisha akakigusa tena kwa mgongo wa mkono, kama anayempima mtoto homa. Kilikuwa na joto kweli, joto la mtu aliyekaa muda mrefu akainuka sasa hivi. Ilikuwa saa tisa mchana ya Jumatatu. Otiende, mume wake, alikuwa kwenye kiwanda cha chai akilisha boila kuni. Maxine, mtoto wao wa miezi kumi, alikuwa mgongoni mwa mama yake. Nyumba haikuwa na mtu mwingine, na paka hawakufuga.

Jioni alimwuliza mumewe, "Baba Maxine, ulipitia hapa mchana?"

"Nipitie aje na niko shifti? Kwani nini?"

"Hakuna kitu."

Alisema hakuna kitu kwa sababu alijua alichokifanya asubuhi ile. Alikuwa amefuta picha zote za Jerusa.

Jerusa alikuwa mke wa kwanza wa Otiende. Alifariki miaka mitatu nyuma, mwezi wa Mei, bila kubahatika kupata mtoto. Kompyuta ilikuwa yake. Aliitumia kuwachapia walimu wa Sotik mitihani. Sasa, kumwonea wivu marehemu ni kazi ya kujichosha bure, maana marehemu hanenepi, hanuni, wala haunguzi chapati. Molly alijua hivyo, lakini wivu haukumwuliza anajua nini. Jumapili alimkuta Otiende mbele ya skrini, akitazama picha ya Jerusa akicheka katikati ya majani chai, na uso wa Otiende ulikuwa na tabasamu ambalo Molly hakuwahi kupewa katika miaka yake miwili ya ndoa. Moyo ulimchoma. Kesho yake akakaa akafuta zote, mia nne na kitu, akahakikisha hazitaonekana tena. Hakujuta hata kidogo. Alipika chai, akanywa vikombe viwili.

Kuna kosa lingine lililotangulia hilo. Kwa watu wa Otiende, kando ya ziwa, mke mpya haingii kuishi katika nyumba ya mke aliyefariki. Hujengewa yake, hata iwe ya udongo. Mama yake Otiende alimkumbusha jambo hilo mapema, na Otiende akamjibu, "Mama, hiyo si nyumba yangu. Ni ya kiwanda. Nikistaafu wananitoa." Mama alinyamaza. Wafanyakazi wengi wa huko hujibu hivyo, na wazee hunyamaza vivyo hivyo, kwa sababu nani atajenga nyumba ya pili kwenye shamba la chai la wenyewe? Kwa hiyo Molly alilala chini ya paa la Jerusa, akapika kwenye jiko la Jerusa, na hakuna aliyebisha hodi kwa niaba yake.

Baada ya kiti ikaja harufu. Ilikuwa ya nywele zilizopitishwa kitana cha moto, na Molly alikuwa amenyoa. Ilianza kila mchana, ukungu unaposhuka juu ya chai. Kisha vitufe vya kompyuta vikaanza kulia taratibu yeye akiwa jikoni, tak, tak, tak, vikinyamaza akifika mlangoni. Ijumaa mashine ikagoma kuwaka kabisa, ikiwa na picha zote za harusi yake na za Maxine tangu siku ya kuzaliwa.

Bethwel, fundi wa kompyuta kutoka Sotik, alikuja na pikipiki yake, akaifungua mashine mezani. Mashine iliwaka, lakini picha hazikuwemo.

"Mama, hapa kuna programu mbili," alieleza. "Hii ya kwanza inatafuta penye vitu zilifutika, halafu unachagua: hii nataka, hii sitaki. Lakini haishiki zote. Hii ingine inachukua nakala iko kwa hii diski ya nje nimepata kwa droo, inarudisha mashine yote vile ilikuwa hiyo siku, kapisa. Chenye kilikuja nyuma ya hiyo siku, hakitakuwa."

"Nakala ni ya lini?"

"Machi, miaka tatu imepita." Bethwel alicheka. "Mwenye alikuwa anatumia hii mashine alikuwa amejipanga. Nyinyi tangu hapo hamjaweka nakala hata moja!"

Machi hiyo Jerusa alikuwa hai. Na sasa hata fundi anamsifu! Molly alihisi damu ikimpanda. "Weka ya kwanza," alisema. "Nachagua mwenyewe."

Bethwel aliziacha programu zote mbili, akaenda zake. Molly alichagua picha zake, moja moja. Kila lilipotokea jina la Jerusa aliliruka. Zilirudi picha thelathini, akazifungua kwa furaha, na kwenye ya tatu furaha ikakatika. Nyuma ya maharusi, mbali kule penye lango la kanisa, alisimama mwanamke wa nywele zilizonyooka. Kwenye picha iliyofuata alikuwa amefika kwenye viti vya wageni. Kwenye ya Maxine akiwa na wiki moja, alikuwa mlangoni mwa chumba chao, na kwenye ya mwisho, iliyopigwa mwezi uliopita, Maxine alikuwa amepakatwa na Molly, na mkono ambao haukuwa wa Molly ulikuwa umemshika mtoto kichwani.

Siku hiyo hiyo Maxine alikataa titi. Aligeuza uso, akalia, akakitazama kiti cha kompyuta. Siku ya tatu bado alikuwa anakataa, na uji anautema. Mbavu zilianza kuhesabika. Hospitali walimpima, wakasema hana ugonjwa.

Molly alipomwonyesha picha, Otiende hakungoja kesho. Alimleta Bitutu, mama wa maombi kutoka Chepilat. Mama huyo alisimama katikati ya sebule, akanusa, akafunga macho.

"Ni jini?" Otiende alinong'ona.

"Ukitaka, uite jini. Mimi naona ni mwenye nyumba." Bitutu alishusha sauti zaidi. "Huyu si wa kutoa na kelele. Mama Maxine, uliingia kwake bila kumsalimia, halafu ukamfukuza. Na yeye anaona mtoto amezaliwa kwa nyumba yake, kwa hivyo ni wake."

"Nifanye nini, mama? Mtoto wangu anaisha."

"Toeni mtoto kwanza. Tafuteni chumba nje ya hapa. Mkishahama, Baba Maxine arudi peke yake, amrudishie vitu vyake zote, akae naye chini, amuage. Yeye ndiye alimwoa. Wewe usiguse hiyo mashine tena. Unanisikia?"

"Nasikia."

Alisikia. Otiende alipata chumba Sotik, wahamie Jumamosi. Lakini usiku na mchana Molly aliwaona akilini wawili hao katika nyumba tupu, Otiende na Jerusa wake, wakiagana, na lile tabasamu. Wivu ni wivu tu, hata mtoto akiwa anaisha. Hapana, alijiambia. Nitamrudishia mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke, na mume wangu hatakuwepo. Picha zangu zikipotea, zipotee, tutapiga nyingine.

Alhamisi mchana, Otiende akiwa kazini, alimlaza Maxine chumbani, akaketi, akachomeka diski.

"Chukua vyako," alinong'ona. "Uniachie vyangu."

Akafungua programu ya pili. Iliuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo.

Mvua ilianza kupiga mabati. Mstari wa kijani ulisogea kwenye skrini, asilimia kumi, kumi na tano, na harufu ya kitana cha moto ikajaa sebule hadi macho yakamwasha. Ulipofika ishirini na tano aliinua macho akaona kalenda ukutani, ambayo asubuhi ilikuwa ya Septemba, inaonyesha Machi, na mwaka si huu. Alitaka kuinuka lakini miguu ilikuwa mizito, na mstari ukasogea, na picha ya harusi yake iliyokuwa juu ya kabati ikawa bado ni ya harusi, bado ni Otiende na suti ile ile, ila bibi harusi alikuwa mwingine, mwenye nywele zilizonyooka, na dirishani, kwenye kamba, nguo zilizolowa mvua hazikuwa zake hata moja, na leso za mtoto tu ndizo zilizobaki zikipepea kati ya magauni ya mtu mwingine, na chumbani Maxine alikuwa analia, analia kwa njaa ya siku sita, na Molly akamwita kwa jina huku akivuta miguu isiyovutika, akamwomba Mungu, akamwomba Jerusa, akasema dada nisamehe, nyumba ni yako, vyombo ni vyako, nipe mtoto wangu tu, hadi mstari ukafika mwisho na kilio kikakatika ghafla.

Kisha, kutoka chumbani, akasikia mtoto ananyonya, kwa pupa, akimeza na kuguna.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Otiende aliingia akikung'uta mvua kwenye koti la kazi. Alimwona Molly, akatabasamu kwa adabu, tabasamu la kumpa mgeni yeyote.

"Karibu, dada," alisema. "Umengoja sana? Mama Maxine ananyonyesha, anakuja sasa hivi."