Ukurasa Uliosema Safi Kila Siku

Kila asubuhi kabla ya kengele nilikagua vyoo vinne vya wasichana, kisha nikaenda chumba cha kompyuta kujaza hali yavyo. Kazi hiyo ilinitia kinyaa tangu siku ya kwanza. Niliingia nimeziba pua kwa kola ya shati, na wenzangu wakanipachika jina la Bi Kinyaa.

Mwalimu wa kompyuta ndiye aliyetengeneza tovuti ya shule. Alitueleza kwamba kila ukurasa una kiolezo, yaani umbo lililokwisha kupangwa, lenye nafasi tupu. "Ninyi jazeni data kwenye fomu," alisema. "Kiolezo kitaichukua na kuionyesha chenyewe." Nikijaza "chafu", ukurasa ulionyesha chafu. Msimamizi wa usafi aliusoma ofisini kwake saa mbili asubuhi, akatuma mfagizi na maji.

Jumatatu moja bomba lilipasuka. Nilifungua mlango wa choo cha tatu nikakutana na... sitaki hata kusema. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, nzi wa kijani wametanda ukutani, na sakafu inanata viatuni. Nilitoka mbio, nikaapa sitarudi tena.

Kwenye kompyuta sikugusa fomu. Nilifungua kiolezo chenyewe, nikafuta nafasi ya data, nikaandika neno moja: Safi. Kazi imekwisha! Kuanzia siku hiyo, asubuhi nilikuwa uwanjani nikiruka kamba.

Msaidizi wangu, msichana mwembamba tuliyemwita Kijiko, hakujua. Aliona sikagui, akakagua yeye. Alhamisi alinijia amekunja uso.

"Nimejaza 'Chafu, hakuna maji' siku tatu mfululizo. Mbona hakuna anayekuja?"

"Labda wana kazi nyingi," nikajibu, nikatazama pembeni.

"Kazi gani hiyo? Watoto wa darasa la kwanza wanaingia mle, na maji ya kunawa hakuna!"

Jioni hiyo mdogo wangu, naye wa darasa la kwanza, alirudi nyumbani amejikunja. Alihara, akatapika, akahara tena. Mama, huku akiloweka shuka la pili, alimwuliza kama alinawa mikono.

"Hakuna maji, Mama. Choo chetu kina funza."

"Choo gani? Asubuhi nimeusoma ukurasa wa shule kwenye simu, umeandika safi!"

Mama alimbeba mgongoni kumpeleka zahanati. Mimi nilibaki na lile beseni la shuka, nikajichukia. Choo cha tatu kilikuwa na afadhali kuliko mimi.

Asubuhi nilimweleza mwalimu kila kitu, Kijiko akisikia. Mwalimu hakunifokea. Alivuta kiti, akanionyesha nikae. Nilifuta neno langu, nikairudisha nafasi ya data. Papo hapo ukurasa ukatokeza maneno ya Kijiko: Chafu. Hakuna maji.

Kabla ya mapumziko fundi bomba alikuwa ameshafika. Mimi nilikuwa choo cha tatu, nimevaa glavu, nasugua pamoja na mfagizi. Kijiko alichungulia mlangoni akaniwekea ndoo ya maji.

"Karibu kazini, Bi Kinyaa," alisema. Hakuwa akicheka.

Tulipomaliza, mwalimu aliniita.

"Mwanangu, kuona kinyaa si kosa. Pua inakuambia tu kwamba hapa pana kazi. Lakini kiolezo kipo ili kionyeshe kilichopo, si unachotamani. Kijiko alisema kweli siku tatu, nawe ukamziba mdomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ulificha maradhi ya watu wengine."

Nilishindwa kumtazama usoni.

Wiki iliyofuata mdogo wangu alirudi shuleni, amekonda shingo. Alifika mlangoni pa vyoo akasita.

"Dada, ni safi?"

"Subiri hapo," nikamwambia. "Ngoja nikaangalie kwanza."

Nikaingia bila kuziba pua.