Anayeita Ghorofani

Ngazi ilikuwa imelowa tena. Nyayo ndogo za maji zilianzia bafuni, zikapanda hadi ghorofani. Hakukuwa na zilizoshuka.

Kajal alizipangusa. Baba yake, Devendra, mhadhiri mstaafu wa usanifu majengo, alimtazama. Nyumba yao ya Mchafukoge, yenye roshani ya mbao na mlango wa nakshi, ilikuwa miongoni mwa majumba ya kale yaliyohifadhiwa, na yeye ndiye aliyeipigania isibomolewe. Mkewe, Jasvanti, alipoomba bomba la kushikilia ngazini, alimjibu kwamba litaharibu kazi ya waliojenga. Jasvanti akateleza ngazini akitoka kuoga. Hakuamka tena.

Alasiri sauti ikashuka kutoka juu, laini.

"Devendra."

"Naam," akaitika.

Kajal akakimbilia kwa jirani yao, Bi Saadiya, anayesomea watu wenye majini. Alikuja na chetezo cha ubani, akasimama chini ya ngazi akihema.

"Profesa, ngazi yako hii itaniua na mimi," alisema, kisha akajing'ata ulimi. Akanong'ona, "Umekuwa ukimwitikia?"

"Ni mke wangu."

"Anakuitaje?"

"Kwa jina."

Kajal akageuka. "Baba, mama hakuwahi kutamka jina lako. Kwao mke hatamki jina la mume. Maisha yake yote alikuita Baba Kajal."

"Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Bi Saadiya akaweka chetezo chini. "Basi ulimkaribisha ukijua si mkeo. Mimi nitasoma, lakini wewe uliyemwitikia ndiye wa kumwambia atoke. Usipomwambia leo, hatoki tena."

Akaanza kusoma, na harufu ya asumini na mafuta ya nazi ikauzidi ubani, na vidato vikaanza kulowa kimoja baada ya kingine, safari hii kuja chini, polepole, kama mtu anayepapasa ukuta kwa kukosa pa kushika, mpaka maji yakafika alipokuwa amesimama Devendra na mkono wa baridi ukatua juu ya wake, huku zikilia bangili zilezile ambazo maiti ya Jasvanti ilichomwa nazo.

"Nimekusamehe, Devendra."

"Sema, baba," Kajal alinong'ona akilia. "Mwambie atoke."

Devendra alifumba macho.

"Rudia," akasema. "Rudia tena."

Bi Saadiya akaacha kusoma. Akamshika Kajal mkono, wakatoka.

Barabarani Kajal aliinua macho. Baba yake alikuwa ameketi kwenye benchi la roshani. Akasogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja.