Joto la Remi

Biriani ilitoka jikoni ikifuka moshi, na mlango wa jikoni na meza ya Badru, mteja wa kila siku, vinatazamana, lakini Badru alipotia mkono kwenye sahani aliurudisha upesi.

"Shemeji Elina," akasema, "kuku huyu mmemfufua kwenye friji?"

Wateja wakacheka. Elina hakucheka, maana wakati wa kupakua aliungua vidole. Aliigusa sahani. Ilikuwa baridi, na samli imeganda nyeupe pembezoni mwa wali. Akaomba radhi, akaenda kuleta nyingine. Hiyo nayo ikapoa mikononi mwake akiwa njiani. Alilihisi joto likitoka chini ya sahani kama maji yanavyonyonywa na mchanga.

Hoteli ile ya Kihindi ilikuwa ndogo, ya meza chache, hapo Kibiti kando ya barabara kuu. Mwenyewe, Mama Shirini, alizaliwa mtaa huohuo, na Kindengereko alikisema kuwashinda wengi. Elina kwao ni Makete. Alimfuata mumewe Zefania, mwalimu wa shule ya msingi, na Mama Shirini akamwajiri apike na kuhudumia. Mtoto wa Elina, Remi, ambaye hata meno hajaota, alilala kwenye mkeka nyuma ya kaunta.

Kuanzia siku ile chakula hakikukaa na moto. Chai iliganda utando kabla haijanywewa. Kila jioni, adhana ya magharibi ikikaribia, hoteli nzima ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Wateja wakaanza kupungua. Kisha Elina akamwona mwanamke aliyejitanda kanga nyeusi, amekaa meza ya mwisho karibu na mlango wa uani. Amepakata kitu ndani ya nguo, anakipulizia, kama mtu anayechochea kaa linalotaka kuzimika. Elina akamwendea na maji ya kunawa. Alipofika, kiti kilikuwa kitupu, na sakafu chini yake imelowa.

Akarudi haraka kwa Remi, akamweka kwenye ziwa. Mdomo wa mtoto ulikuwa baridi.

Hospitalini walimpima, wakabadilisha kipimajoto, wakampima tena. Wakamfunika, wakamlaza. Mchana alipata joto kidogo, jioni likatoweka. Waliporuhusiwa, Remi hakuwa na nguvu hata ya kulia.

"Tuendelee kumfunika na kusali," Zefania alisema, akamwongezea mtoto blanketi.

Mama Shirini alimvuta Elina jikoni, akanong'ona. "Niambie kweli, mwanangu. Maji ya kuchemshia wali unamwaga wapi?"

"Uani, mama. Pale shimoni."

"Yakiwa ya moto?"

"Yakichemka."

"Magharibi?"

"Ndiyo muda wa kupika wali."

"Na kabla ya kumwaga unasema nini?"

"Niseme nini, mama? Si maji tu?"

Mama Shirini akajishika kinywa. "Ole wangu, sikukwambia. Sisi huku tunaomba njia. Tunasema, jamani tupisheni, ndipo tunamwaga. Pale pana wenyewe."

Kesho yake alikuja Kibwana, fundi wa majini kutoka Ruaruke, na bodaboda. Aliagiza sambusa kwanza. Aliponyofoa ya kwanza akakunja uso.

"Hata mimi mgeni wananipozea? Hawana adabu hawa."

Lakini alipofukiza ubani na kwenda kuinama uani, mzaha ulimtoka. Akarudi akizungumza chini chini.

"Hakuja kugombana. Naye ni mama. Wale wameumbwa kwa moto, na wewe mtoto wake umemmwagia maji, umemzima. Sasa anaokota joto amwashe. La sahani halimtoshi. La mtoto wako ndilo linamfaa."

"Anataka nini?" Elina aliuliza.

"Wewe uliyemzima umwashe. Mpakate kifuani pamoja na wako. Akishachangamka, mama yake atamdai, utampa, na la wako litarudi. Ila kanga usiifunue. Hawatazamwi hao."

"Nitajuaje yupi wangu?"

"Mama gani hamjui mwanawe?"

Magharibi ile wakafunga milango. Elina akakaa meza ya mwisho, Remi kifuani, kanga imewafunika mpaka shingoni. Adhana ikaisha. Harufu ya majivu ikaja, na mara akahisi uzito wa pili ukiwekwa upande wa kushoto, uzito wa kichanga, umelowa, baridi yake ikampenya mpaka mbavuni. Akafumba macho. Baba Yetu ikamkatikia katikati. Akakikumbatia kile kitu hivyohivyo, akakipumulia, akakisugua mgongo kama alivyomsugua Remi, na kadiri kilivyopata uhai vile viwili vikaanza kugaragara na kutafuta ziwa, vikapandana, vikashuka, vikazungukana ndani ya kanga, vikilia kwa sauti moja, mpaka Elina hakujua tena wa kulia yupi na wa kushoto yupi, na hapo ndipo pumzi yenye harufu ya moshi ikamgusa sikio.

"Nipe wangu."

Akapapasa. Mmoja alikuwa na joto zuri, lile la Remi wa zamani, la mtoto aliyetoka usingizini. Mwingine alikuwa baridi. Elina hakufikiri mara mbili. Akamtoa wa baridi. Yule wa baridi akang'ang'ania kanga kwa vidole vyake vidogo, na Elina akavibandua kimoja baada ya kingine, akampitisha chini ya kitambaa. Mikono isiyoonekana ikampokea.

"Chai!" Kibwana alipiga kelele kutoka kaunta. "Chai imeniunguza ulimi! Ameondoka!"

Mama Shirini alikuwa analia na kucheka. Elina akafunua kanga. Uso ulikuwa ule ule wa Remi, mashavu yamejaa damu, ana joto hadi nyayoni. Akambusu, akampa ziwa, akanyonya kwa nguvu.

"Sikio langu, au kuna mtoto analia uani?" Mama Shirini akauliza.

Wote wakatega sikio. Kilio kilikuwa chembamba, kinatoka chini ya ardhi, kilio cha mtoto anayesikia baridi. Aliye kifuani aliacha kunyonya, akamtazama Elina, akatulia. Na maziwa ya Elina, matiti yote mawili, yakaanza kuchuruzika yenyewe, yakalowesha gauni, kama yalivyofanya siku zote kila alipomsikia Remi akilia.