Yule Anayeningoja Nyumbani

Noah Mwakideu alianza kupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Zamani, kabla ya mvua za mwaka ule wa 1955, aliingia tu. Alitoka stesheni na jasho lake, akasukuma mlango kwa goti, na kabla hajavua kofia alikuwa ameshauliza kuna nini chunguni. Sasa alisimama nje, upande wa dirisha, akanong'ona:

"Tryphena. Uko na nani?"

"Niko na nani tena? Niko peke yangu."

"Una hakika?"

Mara ya kwanza mkewe alicheka. Mara ya pili alikasirika, akidhani anashukiwa kuwa na mwanamume mwingine. Lakini siku moja alichungulia dirishani kumjibu, akaona jinsi mumewe alivyokuwa akimtazama. Hakumtazama usoni. Alitazama nyuma ya bega lake.

Tryphena Mkamburi alizaliwa Mghange, juu milimani, kwenye ukungu na mashamba madogo ya mboga. Ndoa ilimteremsha mpaka Voi, kwenye joto na vumbi jekundu, katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli: vyumba viwili, mlango mmoja, pazia katikati. Mumewe alikuwa gadi wa treni za mizigo, yule mtu anayepanda behewa la mwisho kabisa, penye breki ya mkono, kuhakikisha kwamba treni nzima inafika. Miaka ile bandari ya Kilindini ilikuwa ikipanuliwa na mizigo haikuwa na mwisho. Katani ya Mwatate, kahawa na pamba za bara zilishuka pwani; saruji na mashine zikapanda. Noah alilala zaidi kwenye behewa lake kuliko kitandani kwake, na Tryphena alizoea kumngoja.

Kisha pakatokea ile habari iliyompa Noah jina. Treni yao ilikuwa ikipanda kutoka pwani, imelemewa na saruji, na kabla ya kufika Maungu kiungo cha mabehewa kikakatika. Injini ikaendelea mbele. Mabehewa ya nyuma, Noah akiwa katika lile la mwisho, yakaanza kurudi mteremkoni yakishika kasi, na huko chini kulikuwa na treni nyingine inapanda. Yalisimama karibu sana na pua ya ile injini.

"Niliizungusha ile breki mpaka nikasikia mifupa ya mikono inalia," Noah aliwaambia watu. Wakamnunulia chai na mandazi. Akapandishwa cheo. Jumapili ile Tryphena aliketi kanisani kichwa juu, maana mume wake ameokoa watu.

Ila jioni ile, alipomwekea maji ya kunawa, alivishika viganja vyake kuvitazama. Havikuwa na hata mchubuko.

Haikupita muda. Mchana mmoja, katika lile joto linalonyamazisha hata kuku, Tryphena alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Noah alikuwa safarini. Kutoka chumba cha ndani ikatoka sauti ya chuma kikisagana na chuma, polepole, kama gurudumu linalobanwa. Akainua macho kutazama reli. Hapakuwa na treni. Kisha ikaja harufu: breki zilizoungua, na ndani yake harufu nyingine, tamu, kama udi uliochomwa kwenye nyumba iliyofungwa siku nyingi.

"Tryphena. Niletee maji."

Ilikuwa sauti ya Noah.

"Umepita wapi wewe?" aliuliza, akiinuka. Alifikiri labda alisinzia na mumewe akamruka pale kizingitini. Akachota maji mtungini, akapitisha kikombe pembeni mwa pazia. Mkono ukakipokea. Kikombe kikarudishwa kikavu, na cha moto kiasi kwamba alikiangusha.

Wakati huohuo Nduku, mke wa Mutiso, jirani yao Mkamba, alifika mlangoni akifuta jasho.

"Mama, leo usipike mapema. Mutiso ametoka stesheni sasa hivi, anasema treni ya mzee wako imezuiwa Mariakani, hawapandi mpaka njia iwe wazi."

"Noah yuko ndani," Tryphena alisema.

"Ndani wapi?"

Wakatazamana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusogea, mpaka Nduku akachukua ufagio akaliinua pazia kwa ncha ya mpini wake, na ndani hapakuwa na mtu, palikuwa na kitanda na shuka lililotandikwa asubuhi, na katikati ya godoro palikuwa na shimo la mtu mzima aliyeketi, shimo ambalo, wakiwa wanalitazama, wakiwa wameshikana mikono kama watoto, lilianza kujaa taratibu, kama vile aliyeketi pale ameona wageni akaamua kusimama.

Tangu siku ile kitu kile kilikuja kila Noah aliposafiri. Hakikungoja giza. Kilikuja mchana, kilikuja jua likizama, kwa sauti ya Noah, kikimwita "mke wangu" kwa upole ambao Noah mwenyewe hakuwa nao. Tryphena alipolala alasiri aliamka na alama nyekundu kifundoni mwa mkono, kama ameshikwa na vidole vya moto. Alikonda. Mchungaji alikuja akaomba, nyumba ikatulia kimya cha heshima. Alipoaga tu, mtu akakohoa chumbani.

Alimweleza mumewe yote. Alilia akimwonyesha mkono. Noah alisikiliza akitazama sakafu, na hakuuliza swali hata moja. Wala hakushangaa. Hilo ndilo lililomchoma Tryphena kuliko vidole vile.

"Nitaomba uhamisho," Noah alisema. "Nakuru, au Uganda."

"Tutahama lini?"

Noah alikuwa anafunga kamba za viatu. "Nikipata," alijibu. Hakusema tukipata.

Nduku ndiye aliyempeleka kwa Bi Mwanaidi, mjane wa Kitaveta, mganga wa majini, aliyekaa nyuma ya msikiti. Watu wa pwani wenyewe walishuka treni Voi kumtafuta. Bi Mwanaidi aliushika mkono wa Tryphena, akaunusa, akauachia.

"Mwanangu, hiki hakikukuokota njiani. Kimeletwa. Nani aliyekupa?"

"Kunipa nini, Bibi?"

"Sikuulizi umepewa nini. Nauliza nani aliyekutoa wewe."

Siku ambayo Noah alikuwa nyumbani, Bi Mwanaidi alikuja baada ya sala ya alasiri, akiwa na chetezo na ubani, akaketi mkekani. Aliagiza Noah aketi mkabala na mkewe. Nduku akasimama mlangoni. Moshi ukapanda, kisomo kikaanza kwa sauti ya chini, na muda si mrefu sauti ya breki ikaanza kusaga mle chumbani, ikakaribia, ikasimama nyuma ya pazia.

"Karibu," alisema Bi Mwanaidi. "Hukuja kwa nguvu zako. Sema nani aliyekuita."

Jibu lilitoka kwa sauti ya Noah, na Noah mwenyewe ameketi pale, midomo imefumbwa.

"Mwulizeni yeye. Mimi nakaa kwenye ule mteremko tangu kabla ya reli. Nilimkuta ndani ya behewa linalokimbia, ameiachia breki, analia. Nikamwambia, nitasimamisha, unipe mtu. Nikamwambia, njoo wewe, au nipe mwingine."

"Akasema nini?"

"Akasema: mchukue yule anayeningoja nyumbani."

Nje, mabehewa yaliyokuwa yakipangwa stesheni yaligongana. Tryphena alimtazama mumewe. Alitaka acheke, aape, atukane, aseme jini ni mwongo.

"Noah," alisema. "Ni kweli?"

"Kulikuwa na kasi," Noah alisema. "Hujui, Tryphena. Hujui kasi ile. Kulikuwa na watu kwenye ile treni nyingine."

"Na ulipokuja ukanikuta ninakungoja na chakula. Ukala."

Noah alijifunika uso.

"Kilio baadaye," Bi Mwanaidi alimkatiza. "Wewe ndiwe uliyetoa kwa kinywa chako, kwa kinywa chako utarudisha. Sema: namrudisha mke wangu, nipo mimi mahali pake. Ukisema kwa moyo mmoja, nina njia ya kukutetea. Si rahisi, lakini ninayo. Ukikaa kimya, huyu atakwisha mbele yako."

Wote wakamngoja. Noah akafungua mdomo. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola ya sare. Pazia likavutika ndani kidogo, kama linalopumua.

"Koo limekauka," alisema. "Nikanywe maji kwanza. Narudi."

Akampita Nduku mlangoni. Mtungi wa maji ulikuwa ndani, karibu na mguu wake, na kila mtu aliuona. Walisikia viatu vyake juu ya kokoto, vinatembea, halafu vinakimbia.

Kile cha nyuma ya pazia kikacheka, si kwa ubaya, kama mtu aliyezoea. "Mmeona? Ni wangu kwa mara mbili sasa."

Bi Mwanaidi alikuwa amepauka midomo. Alimsogelea Tryphena, akamshika mabega. "Mwanangu, imebaki njia moja, na ni yako. Ukae ulie, au unisaidie."

"Nitakusaidia, Bibi."

Mjane akageukia pazia. "Ulipopewa, mwenyewe alikuwapo?"

Pazia likavutika ndani tena.

"Nakuuliza. Huyu mke alikuwa ndani ya behewa? Alisema ndiyo? Mbuzi wa jirani akiuzwa na mpita njia, aliyenunua amenunua nini?"

Harufu ikawa nzito hata macho yakawachoma, na pale juu ya sakafu, chini ya ncha ya pazia, wakaona pamekuwa pekundu kama makaa yanayopulizwa, na wekundu ule ukasogea mkekani mpaka kwenye vidole vya miguu ya Tryphena, ukasimama.

"Basi aseme mwenyewe," sauti ilisema, na sasa haikuwa ya Noah, haikuwa ya mtu yeyote. "Aseme akijua. Mimi siondoki mikono mitupu. Nikitoka kwake, namrudia aliyenidanganya."

Tryphena alielewa. Alimkumbuka Noah akisukuma mlango kwa goti, akiuliza kuna nini chunguni. Alimpenda mtu yule. Bado alimpenda, na ndiyo sababu machozi yalimtoka. Lakini alikuwa amemsikia akikimbia.

"Mimi sikutolewa," alisema. "Mimi si wa kutolewa. Toka nyumbani kwangu."

Pazia likapasuka kutoka juu mpaka chini. Upepo wa moto ukawapita, ukaangusha chetezo, ukamwangusha Nduku kizingitini. Kisha nyumba ikawa nyumba tu, na kwenye mti wa nje ndege akaanza kulia.

Bi Mwanaidi alikuwa akisema *alhamdulillahi* tena na tena. Tryphena hakungoja amalize. Alikuwa ameshatoka, bila viatu, bila kitambaa kichwani, anakimbia kuelekea stesheni.

"Unakwenda wapi?" Nduku alipiga kelele. "Mwache! Amekuuza!"

Jua lilikuwa bado juu ya milima. Uwanja wa stesheni ulijaa mabehewa ya katani, na treni ndefu ya Kilindini ilikuwa inapuliza mvuke, tayari kushuka. Noah hakuwa wa safari ile. Baadaye ilijulikana kwamba alimwomba gadi wa zamu wabadilishane, akisema ana msiba pwani. Alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha behewa la mwisho, mikono imeshika chuma.

Alimwona mkewe. Tryphena alikuwa na hakika maisha yake yote kwamba alimwona, kwa sababu uso wake ulibadilika. Alimwona akija mbio na nywele wazi na mkono wenye alama umenyooshwa, akafikiri kitu kile kimekuja ndani yake kumchukua. Akatoa bendera ya kijani, akaipunga kwa nguvu kuelekea mbele, akapuliza filimbi ya kuondoka.

"Noah! Shuka! Si mimi! Kiko huko, Noah, shuka!"

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Noah akampa mgongo, akaingia ndani ya behewa na kufunga mlango. Na kwenye dirisha dogo la nyuma, treni ikiondoka, Tryphena aliona watu wawili. Mmoja ameinama anahangaika na kitasa. Mwingine ameketi, ametulia, anamtazama mwenzake.

Treni ilifika Kilindini na mzigo wote, kila behewa na muhuri wake. Behewa la gadi lilikutwa limefungwa kwa ndani. Walivunja mlango. Gurudumu la breki lilikuwa limezungushwa mpaka mwisho, na Noah alikuwa bado amelishika kwa mikono miwili ambayo ngozi yake yote ya viganja ilikuwa imetoka. Alikuwa hai. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwa ndugu zake kijijini Chawia, akizungusha hewani kitu kisichoonekana, mchana kutwa, bila kupumzika.

Tryphena alirudi Mghange kulima. Ndugu wa Noah walikwenda kumwomba akamtazame, walau mara moja, labda akisikia sauti yake atatulia. Aliwapikia, akawapa viazi vya kubeba njiani, akawasindikiza mpaka barabarani.

"Mwambieni nilimwita," alisema. "Nilimwita kwa jina lake, watu wote wa stesheni wakasikia. Akanifungia mlango."