Aliyeiba Mlango wa Ukumbi

Jumamosi asubuhi mlango wa ukumbi wa Chama cha Wenye Nyumba haukuwepo. Haukuwa umevunjwa. Ulikuwa umeibwa mzimamzima, na kitasa chake.

Inspekta, mtu mnene asiyejua kuficha kicheko, alisimama kwenye fremu tupu akachungulia ndani. Viti vilikuwepo. Spika zilikuwepo. Hata feni ilikuwa inazunguka.

"Nimeshatafuta gari, ng'ombe na mume wa mtu," alimwambia Koplo wake. "Mlango ndiyo mara ya kwanza."

Mwenyekiti wa chama, ambaye ndiye aliyepiga simu polisi, alisimama pembeni ameshika kiuno.

"Kanuni zetu ziko wazi, Afande," alisema. "Ukumbi usiofungika haukodishwi. Harusi ya leo haipo."

"Haipo?" Mama aliyekodi ukumbi kwa harusi ya binti yake alimsogelea, vitambaa vya rangi ya dhahabu vimemjaa begani. "Baba, mwanangu yuko saluni tangu alfajiri. Wageni wako njiani. Niwapeleke wapi, sebuleni kwako?"

"Ni kanuni, mama yangu."

"Basi kanuni zako zivae shela!"

Koplo alijifanya anakohoa. Inspekta alichuchumaa akakagua fremu.

"Bawaba ziko upande wa ndani," alisema. "Pini zimetolewa taratibu, hakuna hata mkwaruzo. Aliyefanya hivi aliingia kwanza kwa ufunguo." Aliinuka kwa shida. "Mwizi ana ufunguo, anaziacha spika, anabeba mlango. Nani ana funguo?"

"Mimi," Mwenyekiti alijibu haraka. "Na Katibu wa zamani. Tulimfukuza mwezi uliopita. Alikodisha ukumbi kwa sherehe ya mtoto na kikao cha msiba siku moja. Ana kinyongo huyo!"

Katibu aliletwa mswaki ukiwa bado mdomoni.

"Ufunguo wa ukumbi uko wapi?"

"Muulize Mwenyekiti. Alininyang'anya mbele ya mkutano mzima, akautia mfukoni mwake. Watu wakapiga makofi."

"Ni kweli," mama alisema. "Hata mimi nilipiga. Samahani, kaka."

"Usijali, dada. Yalikuwa makofi mazuri."

Inspekta akamgeukia Mwenyekiti. "Kumbe funguo zote unazo wewe."

"Nilisahau, Afande."

"Na hicho kiuno?"

"Baridi."

"Baridi yenyewe ilikuwa na kitasa?"

Kabla hajajibu, pikapu ilisimama nje. Mwanamke mmoja akashuka, amekumbatia vitambaa vya buluu.

"Jamani, hodi! Mapambo niyashushe wapi? Mimi ni mama wa bwana harusi."

"Bwana harusi yupi?" mama wa dhahabu aliuliza. "Mkwe wangu mama yake namjua!"

"Wa kwangu mimi. Ukumbi nimekodi, wa leo. Kwa huyo hapo."

Kidole chake kilimwelekea Mwenyekiti. Katibu akatema povu la dawa ya meno, akaanza kucheka.

"Mlango uko wapi?" Inspekta aliuliza kwa upole.

Mwenyekiti alitazama chini. "Chumbani kwangu. Chini ya godoro. Nimeulalia."

Koplo akatumwa kuuleta.

"Kwa nini?"

"Juzi niligundua nimekodisha mara mbili. Kosa lilelile nililomfukuzia huyu. Nilimwita mzembe, Afande, mbele ya watu wote. Nikasema asiyekumbuka tarehe hafai kushika hata ufunguo. Na kesho ni uchaguzi! Ningesimama na uso gani? Nikaona mlango ukipotea, harusi zote mbili zitavunjika kwa kanuni, si kwa uzembe wangu."

"Na mwanangu?" mama wa dhahabu aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini. "Abaki saluni na shela lake, ili wewe uchaguliwe?"



Inspekta akachomoa pingu. "Kudanganya polisi ni kosa. Lakini ngoja kwanza. Mama, sherehe yenu ni ya saa ngapi?"

"Mchana. Jioni tunamsindikiza kwa mumewe."

"Na yako, mama wa buluu?"

"Usiku. Mchana wote tuko kwenye kufunga ndoa."

Macho yote yakahamia kwa Mwenyekiti.

"Hukuwauliza?" Inspekta alisema.

"Sisi tunakodisha kwa siku," alisema kwa kisauti chembamba. "Niliona tarehe mbili zimegongana, nikapagawa."

Inspekta alicheka mpaka akaegemea fremu. Alipofuta machozi, aliwakuta wale akina mama wawili wameshaanza kupanga: meza zibaki, maua yabaki, vitambaa tu ndivyo vibadilishwe.

"Twende kituoni, Mwenyekiti," alisema.

"Afande, mwache tu," mama wa dhahabu alisema, bila hata kugeuka. "Ukimchukua, wageni wangu wakiondoka na wa huyu mwenzangu hawajaingia, nani atafagia?"